Kufungua Nati Mnajua, Kukaza Je? Maswali Yenu Kuhusu Impakti za Betri

Maswali ya impakti za betri, zile mashine za kufungua na kukaza nati kwa mapigo, yamejaa, na mengi ni lile lile moja lisilo na kichwa wala miguu: "Fundi, impakti gani nzuri?" Gari halitajwi, kazi haitajwi. Hayo nimeyaweka pembeni, nikachukua yenye pa kushika.

Swali: Nimeona mbili. Moja imeandikwa 350 Nm, nyingine 1,000 Nm. Gari langu ni dogo, nataka ya matairi na kazi ndogo ndogo za nyumbani. Nichukue ipi?

Nm ni kipimo cha nguvu ya kuzungusha. Anza na gari, usianze na boksi la mashine. Nati za magurudumu ya magari madogo mengi hukazwa kati ya 90 na 130 Nm. Pikapu hupanda zaidi, na namba yako kamili imo kwenye kile kitabu cha gari ambacho hujakifungua tangu ulinunue. Kwa hesabu hiyo 350 inaonekana ya kumwaga. Sasa ongeza kutu, halafu mwongeze yule aliyekaza mara ya mwisho kwa kusimama juu ya wili spana. Mtu wa kilo 70 akikanyaga ncha ya mpini wa nusu mita anatia karibu 340 Nm. Nati ya namna hiyo ndiyo inayokungoja barabarani, na ikishashika kutu hudai nguvu kuliko iliyotumika kuikaza.

Halafu uliza hiyo namba ni ya nini. Mashine huwa na namba mbili, ya kukaza na ya kung'oa nati iliyoganda, na inayoandikwa kwa herufi nene ni ile kubwa. Tena hupatikana betri ikiwa imejaa na soketi imekaa moja kwa moja kwenye mdomo wa mashine. Ukiweka ekstensheni ndefu au kiungo cha kupinda katikati, sehemu ya kila pigo inapotelea humo. Mimi ningetafuta ya kung'oa 400 hadi 600 Nm, kutoka kwa mtengenezaji asiyetia chumvi, mdomo wa nusu inchi, yenye ngazi za nguvu. Ile ya 1,000 mwachie mwenye pikapu na kazi za chini ya chasi. Ni nzito, haipenyi kwenye kona, na mkononi mwa mtu asiye na subira inakata stadi, ile bolti inayoshika nati, kama kijiti.

Swali: Drili yangu ya betri ina nguvu sana. Haiwezi kufungua nati za tairi?

Itauzungusha mkono wako kabla haijazungusha nati.

Swali: Kuna impakti ya volti 128 inauzwa rahisi kuliko za volti 18. Kuna ubaya gani?

Hakuna volti 128 humo. Pindua chaja usome lebo yake. Ukikuta inatoa volti 21, ujue betri ni seli tano za lithiamu zilizofuatana. Kila seli hujaa kwenye volti 4.2, lakini kwa kawaida huhesabiwa kuwa ya 3.6. Tano mara 3.6 ni 18. Ndiyo hiyo hiyo ambayo wengine huiandika 20, kwa kuihesabu ikiwa imetoka tu kwenye chaja. Sawa, hiyo 20 angalau betri inaigusa. 128 haina pa kutokea. Na mtu akishakudanganya kwenye volti, zile Nm zake unazipokea kwa imani gani?

Swali: Betri ya Ah 2 au ya Ah 5?

Ya 5. Ah ni kipimo cha chaji ambayo betri inabeba, lakini msifikiri ni suala la kukaa na chaji tu. Ndani ya ndogo mara nyingi kuna safu moja ya seli; kubwa huwa na mbili, kwa hiyo mkondo unatoka kwa wingi bila volti kuporomoka. Impakti hutaka mkondo mwingi kwa sekunde chache. Mashine ile ile ukiipa betri ndogo inapiga kinyonge, kisha mnaniandikia kwamba "ni feki". Na kama nyumbani tayari una drili ya betri, angalia kwanza kama kampuni hiyo ina impakti inayokubali betri hizo hizo. Kukusanya chaja za rangi nne ukutani si ufundi.

Swali: Mota yenye brashi au isiyo na brashi?

Brashi ni vile vipande vya kaboni vinavyopitisha umeme ndani ya mota na kulika taratibu. Chukua isiyo nazo, ukiimudu. Kwa tairi mbili tatu kwa mwaka, hata yenye brashi itakuzika.

Swali: Nina seti ya soketi zinazong'aa, nzuri sana. Si zinatosha?

Kwa racheti, ndiyo. Kwa impakti, hapana, na hili nimelijibu mpaka kalamu imechoka. Zile zinazong'aa chuma chake ni kigumu na ukuta wake mwembamba. Zimetengenezwa kwa kusukumwa taratibu kwa mkono. Pigo la impakti huzipasua, na kipande hakichagui pa kwenda. Mimi kimoja kilinipita shavuni, tangu siku hiyo miwani inakaa kwenye mkoba mmoja na mashine. Nunua zile nyeusi za impakti, zenye pembe sita. Za pembe kumi na mbili hulamba kona za nati ngumu. Kama rimu zako ni za aloi, tafuta soketi yenye ganda la plastiki kwa nje, la sivyo matundu ya nati yatachunika rangi. Na masikio yazibe. Kelele yake karakana nzima inaisikia.

Swali: Shikamoo fundi. Nilibadilishiwa tairi kwa impakti. Wiki mbili baadaye nikapata pancha usiku, nati hazikufunguka kwa wili spana hata nilipoikanyaga. Ndiyo maana nataka impakti yangu. Ipi itazifungua?

Marahaba. Pole kwa usiku huo. Ila ona unavyotaka kutibu: ugonjwa ni aliyekaza, wewe unanunua dawa ya kufungulia. Barua zote hizi zinauliza kufungua. Hakuna hata moja iliyouliza spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, na ndiyo ningewatuma mkanunue kwanza, kabla ya impakti yoyote.

Nati iliyokazwa kupita kiasi hunyoosha stadi, huharibu uzi wake, na zikikazwa bila usawa hupindisha mkao wa disiki mpaka breki zinatetemeka. Wewe ukija na impakti yako na kuminya mpaka "ikae kimya", utafanya yale yale aliyofanya yule kijana aliyekubadilishia tairi. Anza kila nati kwa vidole, izunguke mizunguko kadhaa bila kulazimishwa. Impakti, kama lazima uitumie, iwe kwenye ngazi ya chini kabisa, nati iguse tu. Nenda kwa kuvuka, ya juu kisha ya upande wa pili, usizunguke kama saa. Shusha gari, malizia kwa spana ya toki kwenye namba ya kitabu, ikishalia "tik" acha. Ukishatembea kilomita 50 hadi 100, zipime tena. Nyuzi ziwe safi na kavu, isipokuwa kitabu kiseme vingine. Ukipaka grisi msuguano unapungua, na kwa namba ile ile nati inavutwa zaidi ya ilivyokusudiwa.

Kwa hizo zako za sasa, impakti niliyoitaja kwenye swali la kwanza yaelekea itazitoa. Ukiona stadi imenyooka au uzi umeliwa, badilisha.

Swali: Naweza kuiacha kwenye buti siku zote?

Mashine ndiyo. Betri hapana, kama gari linalala juani; joto huzeesha lithiamu haraka. Ichukue unaposafiri. Nyumbani iache na nusu ya chaji mahali penye ubaridi, uijaze ukikaribia kuondoka. Wili spana isitoke garini hata ununue impakti ya dhahabu, maana betri huwa tupu siku ile unayoihitaji.

Na kwa kuwa mmeanza kuringa na impakti: legezeni nati gari likiwa bado chini, kisha pigeni jeki. Mashine inatikisa, jeki ya garini ni nyembamba, na mguu wako haurudi. Chini ya gari lililo juu ya jeki pekee, bila stendi, mtu haingii.

Swali: Nati moja ya kila gurudumu ni ya kuzuia wizi, ina ufunguo wake. Nitumie impakti?

Kwa mkono, taratibu. Ufunguo ukivunjika, gurudumu limekuwa la kudumu.

Swali: Je, plagi za injini?

Ukiwa na silinda hedi ya akiba.

Swali: Fundi, impakti gani nzuri?

Ya gari gani?