Chuma Kwanza, Utachambua Usiku

Maswali ya safari hii ni ya watu waliokaa na karatasi nyeupe ikawashinda.

*Maalim, shikamoo. Nakaa kuandika hadithi, sentensi ya kwanza naifuta mara sita mpaka inaadhiniwa Laasiri. Nina kasoro gani? (Wete)*

Marahaba. Huna kasoro, ila unafanya kazi mbili kwa wakati mmoja, kuandika na kusahihisha. Wewe wa Wete karafuu unazijua. Mchumaji yuko juu ya mti, anavunja kishada na makonyo yake, vile vijiti vinavyoshika karafuu, anatia pakachani, anakwenda tawi jengine. Kuchambua kunangoja usiku, watu wamekaa jamvini, konyo huku, karafuu kule, na stori juu yake. Atakayetenga konyo mojamoja huko huko mtini, jioni atashuka na kibaba.

Basi tega saa dakika 10. Andika usisimame, usifute, usirudi nyuma kusoma. Herufi ikikosewa, iache na kosa lake. Zoezi hili lilienezwa na Mmarekani Peter Elbow kwa kitabu alichokitoa 1973, na mwenyewe aliwahi kuacha masomo ya chuo kwa sababu maandishi yalimgomea. Kwa hiyo hukuanza wewe.

*Na nikikosa la kusema?*

Andika "sina la kusema" mpaka lije. Mimi juzi niliandika "sina, sina, sina" mistari mitatu mizima, mara likatoka: "sina hata ile sahani ya buluu ya bibi, yenye ufa kama mto." Sahani ile sikuikumbuka miaka na miaka. Sasa ina kurasa nne, na bibi mwenyewe kaingia humo na ukali wake.

*Niandike Kiswahili fasaha au chetu cha nyumbani? (Makunduchi)*

Chenu. Likikujia "nnakwenda skuli", liandike hivyo hivyo. Ukisita kutafuta "ninakwenda shule", umeshamwita mhariri, na saa zile mhariri mwache alale.

*Mimi ni mtu wa mashairi, tarbia, beti za mistari minne, mizani 8 kwa 8. Zoezi hili litanifaa?*

Kwa beti zenyewe, hapana. Anayehesabu mizani ameshasimama. Andika kwa nathari jambo linalokuuma, kisha pitia upige mstari chini ya maneno yaliyokushitua. Vina vitafute humo.

*Simu au daftari?*

Daftari. Simu inakusahihisha kabla hujakosea.

*Nikiandika bila kujizuia natoa mambo ya ndani. Mume wangu akiyasoma je? (Jang'ombe)*

Chana, bibie. Dakika 10 zikimalizika, zoezi limeshafanya kazi yake, karatasi halina haja nayo. Kata sentensi moja uliyoipenda, ibandike pengine, zilizobaki zipasue. Zangu nyingi nampa muuza njugu wa mtaani. Hajalalamika bado, ila siku moja aliniuliza ile sahani ya buluu ilikwenda wapi.