Mita 100 kutoka wapi? Droni kadhaa kwenye anga moja ya mji

Chukua Upper Hill, Nairobi. Rubani mmoja yuko juu ya paa la jengo la mita 40, anapiga picha za ujenzi. Mwenzake yuko barabarani, anachukua ramani ya mtaa. Wamekubaliana kwa simu: wewe mita 60, mimi mita 100. Kumbe droni zao huhesabu kimo kuanzia pale zilipopaa, kama zilivyo nyingi za kamera. Mita 60 za yule wa paani ni mita 100 kutoka kwenye lami. Zimepangwa kimo kimoja, na kila rimoti inaonyesha namba iliyokubaliwa.

Kwa hiyo kabla ya kupaa, chagueni sifuri moja ya wote, kwa mfano lango la kuingilia. Rusha droni moja kutoka hapo, isimamishe usawa wa paa, soma namba. Ikisema 40, rubani wa paani atatoa 40 kwenye kila kimo anachopewa: tabaka la 100 kwake linaandikwa 60. Msikubaliane kwa kimo cha GPS. Kama hakijarekebishwa, kinapimwa kutoka umbo la kihesabu la dunia, si usawa wa bahari. Dar es Salaam tofauti inapita mita 20, na ukiwa ufukweni unaweza kusoma namba iliyo chini ya sifuri.

Baromita, yaani kipima shinikizo la hewa ambacho droni hukitumia kujua kimo, nayo ina vituko vyake. Kwa mwinuko wa Nairobi, shinikizo la hewa likishuka hektopaskali 1, droni hudhani imepanda takriban mita 10, basi inajishusha kimyakimya. Ukanda wetu shinikizo hushuka kila siku kati ya saa nne asubuhi na saa kumi alasiri. Kwa betri moja ni mita mbili tatu hivi, lakini mvua ya radi ikikaribia hubadilika ghafla. Kila ukibadilisha betri, anza upya kutoka sifuri. Na usiiwashe juu ya zege lenye nondo: dira huvurugika, droni ikazunguka ovyo mara inapoinuka.

Kwa makosa hayo yote, mita 10 kati ya droni na droni hazitoshi. Weka 20. Sheria ya Kenya inaishia futi 400, yaani mita 120 hivi kutoka ardhini, kwa hiyo mnapata matabaka ya 60, 80 na 100, na mita 20 za juu zinabaki wazi. Droni ya nne isubiri. Anayetaka kupanda na kushuka kandokando ya jengo hapewi tabaka, anapewa upande wake wa mtaa, na wengine hawauingii.

Panapoharibika zaidi ni kwenye kurudi nyumbani, yaani droni kurudi yenyewe pale ilipopaa. Mawasiliano yakikatika kwa droni zote kwa pamoja, zikiwa na kimo kilekile cha kiwandani, zote hupanda hadi hapo na kukutana. Kimo cha kurudi kiwe sawa na tabaka la kila mmoja, kikipimwa kutoka sifuri ya pamoja, na vituo vya kutua vipishane angalau mita 15. Soma namba hiyo kwa sauti kabla ya kupaa. Ukisasisha programu huenda imebadilika.

Ruhusa ya KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, ni lazima, maana uwanja wa ndege wa Wilson uko karibu na helikopta ni nyingi. Helikopta ya kilomita 180 kwa saa hula kilomita moja kwa sekunde 20. Droni inayoshuka mita 3 kwa sekunde huhitaji sekunde hizohizo 20 kutoka mita 100 hadi 40. Ukingoja uione, umechelewa, ndiyo maana awepo mtu wa pili asiyeshika rimoti, kazi yake macho na masikio tu. Onyo la ndege kwenye rimoti halimwondoi kazini, kwani husikia tu ndege inayotangaza mahali ilipo.

Akisema "Shuka!" redioni, kila rubani avute fimbo chini, akijua majengo yaliyo chini yake. Asibonyeze kitufe cha kurudi nyumbani: droni iliyo chini ya kimo chake cha kurudi itapanda kwanza, kuelekea helikopta.