Vidole vya mama vinakawia kufunguka

Dada, pole, na mama mpe shikamoo yangu. Umesema tangu aanze simvastatini ya kolesteroli, akisonga ugali vidole vinang'ang'ania mwiko hata akitaka kuuachia. Usiseme ni uzee tu.

Dawa za kundi la statini, ambamo simvastatini imo, zinajulikana kwa kuleta maumivu ya misuli. Huko kukawia kuachia, hata hivyo, ni jambo la pekee, huitwa miotonia. Msuli hukaza kwa amri ya neva, kisha hulegea mara moja. Utando wa msuli ukibaki na msisimko, msuli unaendelea kukaza wakati mwenyewe ameshaacha. Statini zinaweza kuzidisha hali hiyo, au kufichua ugonjwa wa kurithi uliokuwa umelala miaka yote. Hebu muulize: upande wao kuna ndugu mwenye mikono ya namna hiyo, au aliyepata mtoto wa jicho mapema?

Asiache dawa kimyakimya, maana moyo nao una haki yake. Arudi kwa daktari wiki hii na mfuko wa dawa zote, hata za duka la mtaani. Klarithromaisini, dawa ya kuua bakteria, kwa mfano, hupandisha sana simvastatini mwilini. Aombe kipimo cha damu cha CK, kimeng'enya kinachovuja msuli ukiumia. Mkojo ukiwa kama chai ya rangi, au miguu ikiishiwa nguvu, msingoje: hospitali siku hiyohiyo.

Na akipangiwa upasuaji wowote, mtoa usingizi aambiwe mapema. Suksametoniamu, dawa ya kulegeza misuli wakati wa upasuaji, inaweza kuwakaza taya wagonjwa wa aina hii.