Kabla kikundi chenu hakijaomba zabuni ya makundi maalumu

Kwa miaka kadhaa nimesaidia vikundi vya Temeke na Ilala kuandaa nyaraka za zabuni, na karibu kila kikundi kipya huanza kwa kuniuliza kazi ina thamani gani, ilhali jambo la kujua kwanza ni kama kinastahili kuiomba. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 inazitaka taasisi nunuzi, yaani taasisi za umma zinazonunua bidhaa na huduma, kutenga asilimia 30 ya bajeti ya ununuzi ya mwaka kwa makundi maalumu, yaani wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Udogo wa biashara peke yake hautoshi. Seremala wa Keko mwenye karakana ndogo, ikiwa hayumo katika kundi lolote kati ya hayo, hahesabiwi humo hata mtaji wake ukiwa mdogo kiasi gani.

Msichanganye asilimia hiyo na ile 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Hiyo ya pili ni mkopo usio na riba unaotolewa kwa Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na wazee hawana fungu lao humo. Kupata mkopo huo hakuwafanyi kuwa wazabuni. Bado mnapaswa kusajiliwa katika NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma, na ndiyo maana nashauri muanze kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu.

Kikundi kimoja cha akina mama wa Mbagala, mafundi hodari wa kushona mapazia, kilipoteza zabuni kwa sababu jina la akaunti ya benki lilipungua neno moja likilinganishwa na cheti cha usajili. Iliniuma sana, kwa kuwa nyaraka zile nilikuwa nimezipitia mwenyewe. Tangu hapo huweka katiba, cheti, TIN (namba ya mlipakodi) na taarifa za benki juu ya meza moja na kuzisoma kwa sauti, herufi kwa herufi.

Atakuja pia mfanyabiashara mwenye mtaji, pengine wa Kariakoo, akiomba kutumia jina la kikundi chenu kwa ahadi ya kuwaachia kamisheni. Mkatalieni. Mkataba utasainiwa na ninyi, mzigo mbovu utahesabiwa kuwa wenu, na udanganyifu kuhusu sifa unaweza kuwafanya mfungiwe kushiriki zabuni za umma, huku yeye akitafuta kikundi kingine.

Orodha ya wanachama nayo ipitieni kabla ya kila zabuni: aliyejitoa aondolewe kwa muhtasari wa kikao uliosainiwa, na katika kikundi cha vijana angalieni ni nani umri wake umevuka kikomo tangu mliposajiliwa.