Ziba Hewa Kabla ya Kuongeza Unene

Ukitaka kujenga nyumba isiyopitisha joto ovyo, chukua mchoro unaoonyesha nyumba ikiwa imekatwa wima, kuanzia msingi hadi paa, na kalamu nyekundu. Fuata tabaka litakalozuia hewa: sakafu, ukuta, dari, kisha urudi ulikoanzia. Kila mahali unapolazimika kuinua kalamu ndipo nyumba itakapovuja. Maliza kona hizo kwenye karatasi, kwa sababu fundi aliye juu ya ngazi ataziba kwa chochote alichonacho.

Wengi huanza kwa kuuliza unene wa sufi ya mawe, yaani nyuzi za mawe yaliyoyeyushwa zinazojazwa ukutani na darini kuzuia joto. Unene ni muhimu, lakini kinachozuia joto ni hewa iliyotulia katikati ya nyuzi. Upepo ukipenya humo, hata sentimita 30 hazifikii zilichoahidi. Kata kila kipande kizidi upana wa nafasi yake kwa sentimita 1 hivi, kijibane chenyewe bila kuacha mwanya pembeni. Usikibonyeze kwa nyuma. Unene ukipungua, kinga nayo inapungua.

Dirisha lataka uangalifu zaidi. Fremu ikae kwenye mstari wa tabaka la kuzuia joto, na tabaka hilo liifunike kidogo kwa nje. Povu la kopo hujaza nafasi tu, halizibi hewa kwa miaka mingi: jengo likicheza, povu linapasuka. Ziba kwa utepe maalumu upande wa ndani, lakini futa vumbi kwanza na upake kimiminika cha kushikisha utepe (primer) kwenye zege au plasta, la sivyo utepe utabanduka. Na plasta ikiwa ndiyo kizuia hewa chako, ifike hadi kwenye zege la sakafu, hata nyuma ya ngazi na beseni la kuogea. Hapo ndipo mafundi huruka, kwa kuwa hapaonekani.

Zege la baraza lisitokeze moja kwa moja kutoka ndani. Zege hupitisha joto takriban mara 50 kuliko sufi, na chuma zaidi ya mara 1,000. Baraza isimame kwa nguzo zake.

Katika nchi za baridi, kizuia mvuke, yaani tabaka linalozuia mvuke wa maji kupenya ukutani, hukaa upande wa ndani; penye joto, unyevunyevu na kiyoyozi, hukaa nje. Usiweke plastiki pande zote mbili: maji yakiingia hayana pa kutokea, na mbao zitaoza.

Pima uvujaji kwa feni ya mlangoni, inayofungwa mlangoni ili kusukuma au kuvuta hewa, kabla ya kufunika tabaka la kuzuia hewa kwa mbao za ndani, wakati tundu bado linazibika. Kiwango cha Passivhaus, mfumo wa Kijerumani wa nyumba zinazotumia nishati kidogo sana, kwa shinikizo la paskali 50, ni hewa ya nyumba kubadilika isizidi mara 0.6 kwa saa. Nyumba iliyobana hivyo lazima iwe na mashine ya kubadilisha hewa inayorudisha joto. Kadiria mita za ujazo 30 za hewa safi kwa saa kwa kila mtu. Weka vichujio mahali panapofikika bila ngazi, maana vilivyojificha darini havibadilishwi.