Skauti kwanza, askari baadaye

Nyinyi mnaoanza Civilization VI, mchezo wa kompyuta wa kujenga taifa zamu kwa zamu, wengi wenu mtafanya kosa nililolifanya mimi: mji mkuu ukishasimama tu, mnakimbilia kuunda wapiganaji. Tulikuwa watatu, tukipokezana laptopu moja barazani kwetu Langoni, hapa Lamu, baada ya isha. Nikaunda warusha kombeo wawili, nikijiona mjanja. Binamu yangu akaunda skauti, mpelelezi wa kwenda kutazama nchi, na haukupita muda akakutana na Zanzibar kabla yetu sote. Anayewahi kukutana na mji huru, yaani mji usio wa mchezaji yeyote, hupewa mjumbe wa bure, na kwa mji wa biashara kama ule, mjumbe mmoja huingiza dhahabu 4 kila zamu. Baadaye akaongeza wajumbe mpaka akawa mlezi wa mji, mwenye wajumbe wengi kuliko sisi wote. Karafuu na mdalasini, ambazo mchezoni hazipatikani pengine, zikawa zake. Mlamu mzima, karafuu za Unguja zanipita puani! Nilichekwa wiki nzima.

Tupige hesabu. Kwa kasi ya kawaida skauti hugharimu pointi 30 za uzalishaji, askari wa kwanza 40, mlowezi, yule wa kwenda kuanzisha mji mpya, 80. Mji mchanga hutoa kama pointi 4 hadi 6 kwa zamu, basi skauti huwa tayari baada ya zamu 5 hadi 8. Tena mlowezi huwezi kumwanza mpaka mji ufikishe wakazi 2. Kwa hiyo zile zamu za mwanzo, mji ukingali unakua, ni zake skauti. Hamnyang'anyi mlowezi chochote. Askari mmoja umeshapewa bure, mwache azunguke karibu na nyumbani.

Skauti wa pili sasa. Hapa msinitake kanuni moja. Mimi humtazama wa kwanza: akitembea zamu kadhaa na bara bado lafunguka mbele yake, namuunda mwenzake na kumpeleka upande wa pili. Akigonga bahari huku na huku, basi, pointi zangu za uzalishaji naziweka kwingine. Skauti hawezi kupanda chombo mpaka ugundue Ujenzi wa Meli, na hapo mbali. Kwenye ramani ya visiwa atakaa ufukweni kama msafiri aliyekuta mlango wetu wa bahari wa Mkanda umekupwa. Huko fanyeni utafiti wa Ubaharia mapema, mtoe merikebu ya makasia ipite kandokando ya pwani.

Kumuunda zamu ya 40? Vijiji vyenye zawadi vimeshaokotwa na wenzako. Achana naye.

Kitufe cha kumwacha azurure mwenyewe msikiguse. Hupita bondeni kando ya kilima, na juu ya kilima ndiko kunakoonekana mbali. Ana hatua 3, kilima hula 2. Panga njia ili zamu imwishie juu. Akiona ajabu ya asili, utafiti wa Unajimu unaharakishwa. Akikutana na taifa jingine, unaharakishwa wa Uandishi. Hizo ni zamu kadhaa za elimu umezipata kwa miguu ya mtu mmoja.

Na wanao skauti wao washenzi pia (wavamizi wasio na taifa, ndivyo tulivyozoea kuwaita mchezoni, ingawa sisi wa pwani neno hilo tumewahi kuwaita nalo watu wasiostahili). Skauti wao akiuona mji wako, alama nyekundu ya mshangao humtokea kichwani, naye hurudi mbio kambini. Akifika, jeshi linakuja. Wako ana nguvu 10 tu, asipigane. Msimamishe kwenye upenyo baina ya milima, amzibie njia, askari aje kumalizia.

Dunia ikishajulikana yote, usimfute. Wangu humweka kilimani juu ya njia ya misafara, akalala pale na jicho moja wazi.