Jibu: Msilifunge banda la gemu

Mdogo wangu, umeuliza kama wewe na kaka zako mlifunge banda la gemu hapo Wete, mtie pesa yote ya karafuu katika kampuni ya kutengeneza gemu. Msilifunge.

Tazameni Ubisoft, kampuni kubwa ya gemu ya Ufaransa. Walioianzisha ni ndugu watano wa ukoo wa Guillemot, na wazazi wao walikuwa wakiuza pembejeo kwa wakulima wa Brittany, Ufaransa. Vijana wakaona kompyuta na gemu Uingereza ni rahisi zaidi, wakawa wanazinunua huko na kuziuza kwao kwa njia ya posta. Uchuuzi ule ndio uliowafundisha mteja anataka nini; kampuni ya kuchapisha gemu ikafuata mwaka 1986. Gemu yao ya Rayman, iliyowapa jina duniani, ilitoka 1995. Miaka tisa hiyo! Soko la hisa la Paris wakaingia 1996.

Nyinyi mnao watoto wanaojaa hapo kila wakitoka skuli, na hiyo ni mali kubwa kuliko mnavyodhani. Tengenezeni gemu moja ndogo ya simu, hata ya bao, muwape waijaribu. Na kabla ya kwenda kusajili kampuni, kaeni na wazee, muandikiane nani ana hisa ngapi.